Kasoro Milimita Mbili

Lorna Pargeter alileta gitaa la besi
limeviringishwa kwenye shuka, kama mgonjwa,
akalilaza juu ya benchi langu, kati ya vitasa.
Ilikuwa Novemba, Willenhall, saa kumi jioni na giza tayari,
na mvua ile isiyonyesha wala kukoma.

"Baba alilichonga mwenyewe," alisema,
"kwa mlango wa kabati la bibi."
Nikaamini. Bawaba iliacha kovu lake
palepale mkono wa mpigaji unapopumzika.

Daraja lake, kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi mwishoni,
lilikuwa limeliwa na kutu na jasho la miaka arobaini.
Madukani hakuna linaloingia.
Alishajaribu matano. Yote yalirudi kwenye maboksi yake
yakiwaka, yakiwa na haki.

Maana mzee alitoboa kwa jicho.
Matundu matano ya parafujo, na la nne
limeteleza kuelekea chini, milimita mbili na ushei;
labda mtoto aliita, labda chai ilikuwa tayari,
labda keekee ilikuwa butu na yeye mbishi.

Nikamwambia: tuzibe, nitoboe upya,
dakika ishirini.
Akaweka kidole juu ya tundu lile
kama mtu anayezuia damu.
"Hapana."

Mimi tupa nilifundishwa karakana ya reli, Tabora,
na mwalimu aliyepitisha ukucha juu ya kazi yako,
na ukucha ukikwama unaanza upya, bila neno.
Hapa, miaka kumi na tisa, nimekata mioyo ya vitasa
ambamo unywele mmoja tu ukizidi, ufunguo unagoma.
Mkono wangu haujui kukosea kwa makusudi.

Basi usiku ule nikakata shaba njano,
bamba la unene wa kidole cha mtoto,
nikalibana kwenye jiriwa, nikachora, nikatoboa,
nikakereza vitandiko vinne, kimoja kimoja;
chenga zikaruka, zikaniingia mikononi mwa sweta,
za moto, dhahabu ya uongo.
Nikakata hesi. Nikapiga msasa hadi nikauona uso wangu
na taa nyuma yake.
Nikaliweka juu ya mbao.
Tundu la nne lilikuwa limenyooka.

Sikumbuki kulinyoosha.
Mkono ulinyoosha wenyewe, huku mimi nikitazama.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
sawa, lakini wahenga hawakusema kitu
kuhusu koleo lililokataa kupinda.

La pili nililikata polepole, kama mtu anayesema uongo
mbele ya wanaomjua.
Nilichukua karatasi ya kufungia mkate,
nikaisugua kwa penseli juu ya matundu ya mzee,
nikaifuata karatasi, si akili.
Nilipofika la nne nikashusha pumzi,
nikahama:
mbili, na ushei wake.

Jumamosi akaja na spika ndogo
na chupa ya vitunguu vya siki, alivyovitia mwenyewe.
Parafujo tano zikaingia. Ya nne haikulalamika.
Akafunga nyuzi, akazikaza, akasikiliza kwa kidevu,
ndiyo, kidevu, amekigusisha kwenye mbao,
kisha akaupiga uzi mnene kuliko wote.
Ukutani, funguo mia mbili zisizo na milango
zikatetemeka kwenye misumari yake.

Hakulia. Alisema, "Unakwaruza kidogo huku,"
nikatwaa bisibisi, nikainua kitandiko robo mzunguko.
"Sasa."

Lile la kwanza ninalo bado, dirishani,
linakandamiza bili ya gesi isipeperuke.
Limenyooka. Ukucha haukwami popote.
Halina kasoro hata moja,
na duniani hapa hakuna gitaa lake.