Kiatu Mkononi

Darasa la Jumanne, ghorofa ya tatu, Kutaisi.
Tulikuja na kamusi nene za tiba,
kurasa zimechorwa mistari ya manjano,
vinywa vimejaa majina ya mifupa
kama watu waliobugia kokoto.
Kiingereza chetu kilijua ini, kilijua wengu,
hakikujua kusema pole.

Mwalimu Mzevinar aliingia na picha kwapani,
imefungwa kwa gazeti la mwaka jana.
Miaka kumi na tisa aliendesha vikaragosi
katika jumba la watoto karibu na mto Rioni;
hata sasa akiongea, vidole vyake huvuta nyuzi tusizoziona.
Akaitundika kwenye msumari wa chati ya moyo.
Moyo akauegemeza chini, uso ukutani.

Mchoraji hajulikani.
Mwanamume ameketi ukingoni mwa kitanda,
kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi,
dirishani theluji, au labda ni rangi iliyobambuka.
"Semeni mnachokiona. Kwa Kiingereza.
Ugonjwa ni marufuku."

Ramaz, asiyewahi kupata chini ya tisini,
alisimama upesi: "Huyu, ini."
"Umeliona wapi?"
"Jicho. Njano."
"Basi sema jicho, sema njano.
Ini liache ndani, limejisitiri."

Tukacheka, kisha tukakwama.
Katika vitabu vyetu vyote hapakuwa na kiatu.
Lali, mpole wa safu ya nyuma, akanyoosha kalamu:
"Yeye... vaa? Au yeye... vua?"

Basi saa nzima ikaishia hapo.
Neno dogo, tofauti yake pumzi moja,
na mtu mzima amening'inia katikati:
anakwenda, au amerudi?
Mwalimu akatukalisha juu ya meza mmoja mmoja,
soksi zetu nje, yangu ina tundu,
tukishika viatu vyetu kama barua zisizofunguliwa.
Nilibishana na Ramaz hadi kengele ikalia.
Kwa mara ya kwanza nilikasirika kwa Kiingereza,
nikakosea nyakati zote, wala sikujali.

Februari ya mwaka wa tano, zamu ya usiku.
Theluji imefunga njia ya mlimani
na malori yamelala barabarani kama ng'ombe.
Wakaniletea dereva kutoka Plovdiv, jina lake Yanko.
Yeye hana Kijojia, mimi sina Kibulgaria,
kati yetu Kiingereza, kigoda cha miguu miwili,
kila mmoja akishikilia upande wake kisianguke.

"Uchungu," nikasoma kwenye fomu. "Moja mpaka kumi. Ngapi?"
Akatikisa kichwa. "Si namba."
Akatafuta darini, akatafuta kwenye kiganja.
"Hapa," akagusa kifua, "mbwa. Mkubwa. Amelala."

Kalamu yangu ikasimama.
Zamani ningeuliza tena: ngapi?
"Huamka lini?"
"Ngazi. Nikipanda ngazi."
"Na usiku?"
"Usiku anageuka ubavu."
Nikaandika. Mbwa, ngazi, ubavu.
Kisha chini yake lile jina refu la Kilatini
ambalo Daktari Bezhan angelitaka asubuhi,
na kwa kweli alilitaka,
na yule mbwa akamkata kwa wino mwekundu.

Lakini hiyo ni asubuhi.
Usiku ule nilipoinua macho kutoka kwenye fomu
Yanko alikuwa ukingoni mwa kitanda,
mguu mmoja umevikwa, mmoja mtupu,
kiatu mkononi.
Aliutazama mlango, kisha akanitazama.

"Unavaa," nikamuuliza polepole, "au unavua?"

"Daktari," akasema, "niambie wewe."

Sikuwa daktari bado.
Nilinyoosha mkono, nikakipokea kile kiatu.
Kizito, kimelowa, namba arobaini na nne,
kamba imefungwa fundo pale ilipokatika.
Nikakisukuma chini ya kitanda,
ndani kabisa, karibu na ukuta.