Namba Sitini na Moja

Eladio Souto alirudi Galisia kutoka Karakas
na meno mawili ya dhahabu
na wazo ambalo baba aliliita kichaa cha mwenye pesa:
mkahawa, na ukumbi wa dansi,
juu ya jabali la Corveiro,
pale ambapo hata mbuzi hugeuka.

Akaupa jina Ondina.
Herufi sita nyekundu za umeme
wakati sisi huku chini tulikuwa bado na koroboi.
Kasisi alimwandikia askofu barua ya kurasa nne,
kisha akawa anapanda kula pweza
kila Jumanne, siku isiyo na watu.

Mama alimenya viazi.
Mimi, miaka kumi na minne,
nilipewa chumba cha makoti:
misumari mia, vibao vya shaba,
harufu ya sufu iliyolowa mvua.
Miaka sita sikuiona dansi hata moja.
Niliona migongo ikiingia,
nikasikia saksafoni, na visigino,
na chini ya visigino
bahari ikipiga hesabu zake.

Ufa ulianza chini ya jukwaa.
Uzi. Baadaye, upana wa kidole.
Usiuzibe, utajenga ukuta, ndivyo isemwavyo;
Eladio aliuziba kwa zulia,
na siku ya kujenga ukuta ilipofika
hapakuwa na pa kuusimamisha.

Jiko lilitangulia, na masufuria yake yote,
usiku wa Jumanne, mwezi wa pili.
Kisha jukwaa. Kisha piano,
ambayo mama huapa kwamba ililia noti moja tu.
Kasisi alitoka na kitambaa bado shingoni.
Hakufa mtu,
ndiyo maana hakuna aliyeweka jiwe la kumbukumbu.

Sasa kuna uzio na benchi la manispaa.
Herufi O iliokotwa ufukweni;
kwa Hermelinda kuku hutagia humo.
Eladio alizeeka nyuma ya tanuri la mkate la dada yake,
akidai bahari ina kodi yake ya miaka kumi na mmoja.

Na mimi ninalo koti moja,
la kijivu, la kiume, namba sitini na moja.
Lilikuwa mkononi mwangu nilipokimbia.
Kila majira ya kuchipua nalikung'uta, nalianika.
Mume wangu aliwahi kuliomba, siku ya baridi kali.
Nikamwambia: hilo lina mwenyewe.