Sarara

Hapa Malatya, mwezi wa saba, aprikoti huanikwa mapaani,
na kila nyumba yajua tunda likinyauka hubakia kiasi gani.
Mimi sianiki kitu. Nakaa chumba kisicho dirisha,
ghorofa ya chini ya hospitali, na skrini mbili na feni,
nakata watu vipande bila kisu.

Kipande ninachotakiwa ni kimoja:
pingili ya tatu ya kiuno, wembamba wa wembe.
Kompyuta hupaka rangi. Msuli nyekundu,
mafuta ya chini ya ngozi buluu, ya tumboni manjano.
Kisha huhesabu, hugawa kwa kimo mara kimo,
na kunitemea namba.

Bwana Bedrettin, muuza nyama wa soko la juu,
ini lake limekuwa gumu kama soli.
Mizani ya wodini ilimsifu: kilo themanini na moja!
Muuguzi akaandika, "Lishe njema."
Mizani haipambanui maji na nyama.
Lita kumi na moja zilikuwa maji, yakicheza tumboni
kila alipogeuka; mashavu yalikwisha kuhama uso.

Alitaka kuona. Si kawaida, lakini nilimgeuzia skrini.
Akainama, akavaa miwani ya mkewe.
"Hii hapa, kando ya uti, huku na huku?"
Nikamtajia jina lake la vitabuni.
"Sisi twaiita sarara. Ndiyo ninayowawekea maharusi."
Akaipima kwa ncha ya kidole gumba.
"Na huu weupe uliochirizika ndani?"
Mafuta, nikasema. Yameingia msulini.
"Kwa ng'ombe, watu hulipia zaidi."
Akacheka peke yake, kisha akavua miwani.
"Mnyama huyu nisingemnunua."

Thelathini na nane. Tulitaka hamsini.
Thelathini na nane husema: kidonda kitakachoota usaha,
mashine ya kupumulia, siku juu ya siku.
Husema wengi waliokuja na sarara nyembamba hivi
hawakuiona sikukuu iliyofuata.
Husema wengi. Haisemi nani.
Lakini Alhamisi, mezani kwa wapasuaji,
namba ile ilipewa kiti
na ikasikilizwa kuliko mimi.

Bintiye, Elmas, alikwisha kutia sahihi.
Wapo watoto wanaowakata wazazi wao maini.
Huyu alikuja kukatwa lake.

Wakasema: wiki saba. Alishwe.
Mayai, mtindi, dengu, na bakuli la saa nne usiku,
maana mwili wenye ini bovu ukilala na njaa hujila wenyewe.
Na atembee. Akatembea,
kutoka ngazini hadi mashine ya chai, sapatu zikikwaruza sakafu,
akilalamika kwamba nyama ya hospitali
imekatwa kwa kufuata nyuzi, na mtu anayekata hivyo hana mama.
Nilimsikia kupitia mlango.

Wiki ya saba nikamkata tena.
Arobaini na moja.
Nikapitia mpaka wa rangi kwa mkono, mara tatu,
nikitafuta, kwa aibu, nukta nyekundu zaidi.
Zilikuwa zile zile. Arobaini na moja na robo, ukiwa mkarimu.

Nilimpima na Elmas.
Msuli mwekundu tele, kama komamanga lililopasuka.
Upande wa kulia wa ini lake: gramu mia sita na sitini.

Asubuhi ya upasuaji kitanda kilipita mlangoni kwangu.
Akaamuru kisimame.
"Mia sita na sitini, nimeambiwa. Mizani ya nani?"
Yangu, nikasema. Ya picha.
"Muuza nyama muungwana hukata kwa haki,
kisha huongeza kipande."
Sikuwa na kipande. Nilikuwa na kalamu mfukoni.
Nikamwambia: robo. Nimekuongezea robo.
Akatazama dari kama mtu anayehesabu chenji,
akasema inatosha,
sukumeni.