Somo

Ugonjwa wangu na wa mjukuu wangu ni mtu na somo yake:
jina moja, mama mbalimbali.

Wangu ulinyata.
Miaka kumi na mmoja ulikaa sebuleni bila kupiga hodi.
Nikadhani ni uzee: ganzi ndani ya buti,
ukungu juu ya gazeti,
kuamka mara nne usiku kwenda haja,
na choo kiko nje, nyuma ya ghala la kuni.
Bandubandu huisha gogo,
nami niliyepasua magogo Kajaani miaka arobaini
sikusikia msumeno uliponigeukia.

Wake ulivunja mlango.
Novemba, wiki moja tu.
Venla, miaka saba, akanywa hata maji ya chombo cha maua,
akapungua kama mshumaa,
pumzi ikanuka matofaa yaliyooza.
Tukamkimbiza Oulu, theluji ikitupofua njia nzima.

Daktari Saarela akachora juu ya bahasha:
"Kwako, mzee, ufunguo upo; kufuli ndilo lililoshika kutu.
Kwake, mwili uliwaona wachonga funguo
ukadhani ni wezi, ukawamaliza."

Na binti yangu Kaisu, alipokuwa na mimba ya Venla,
aliwahi kuwa nao wa namna nyingine,
mgeni wa miezi mitatu
aliyeondoka pamoja na kondo la nyuma.
Ila anwani yetu alibaki nayo.

Nikauliza: je, peremende?
Maana nilimpa peremende kila Jumamosi.
"Si peremende," akasema. "Wala si wewe."
Nilimwomba arudie.

Februari, juu ya ziwa lililoganda,
Venla alisimama ghafla kwenye skii zake.
Jasho, katika baridi ile.
Akaniita mjinga, akaanza kulia.
Simu ya kupimia ilikuwa imezimwa na baridi,
lakini mimi sasa najua kusoma midomo iliyopauka.
Nikatoa juisi ya beri niliyoifumbata kwapani isigande,
mimi ambaye kahawa yangu haijaonja sukari tangu Pasaka.

Tulikaa juu ya theluji, tukahesabu dakika kumi na tano.
Ya kumi na mbili, rangi ikaanza kumrudi.
Akatikisa kijipakiti.
"Babu, imebaki kidogo."
Kisha akakumbuka, akaimaliza mwenyewe.
"Pole," akasema. "Wako ni ule mwingine."