Mirija ya Daktari Hilja

Niliajiriwa kwake nikiwa na miaka kumi na mitano,
kuosha vyombo vya kioo.
Alivinusa kimoja kimoja, kama mpishi anusavyo chungu cha mwenzake.
"Aili," aliniambia, "uchafu unaoonekana haunisumbui."

Kuopio, kipupwe. Ziwa limeganda
hata farasi wanavuta magogo juu yake.
Watu walitoboa barafu, wakachota, wakanywa,
na homa ya matumbo ikaingia nyumba kwa nyumba, haibishi hodi.
Maji yenyewe maangavu, matamu.
Ndiyo maana hakuna aliyemsadiki.

Umeme ulipokatika, siku tisa za vita,
kabati la kuoteshea vijidudu likapoa.
Akaviringisha mirija kumi na miwili kwa soksi za sufu,
akaifunga tumboni, chini ya koti,
akalala chali usiku kucha, asigeuke.
Joto la binadamu, alisema, ndilo walipendalo;
hawa hawana makuu.
Sokoni wakanong'ona: mwanamwali wa maabara ana mimba.
Alicheka mpaka nikaihofia mirija.

Siku ya tatu, kwenye kisahani, madoa
kama chumvi iliyomwagika.
Yaleyale ya kisima cha shule. Yaleyale ya damu ya watoto.
Akanipisha kwenye hadubini. Niliona vijiti vikihangaika.
"Wasalimie," akasema. "Hao ndio waliomuua kaka yangu Veikko,
na hawana habari."

Miaka sita akagombana na baraza kwa ajili ya vifuniko.
Vifuniko tu! Mbao na bawaba.
Mwenyekiti alimwita Bibi Wadudu;
naye akampelekea chupa, maji ya kisima chake mwenyewe,
na kikaratasi: Kunywa, kama ni hadithi.
Hakunywa.

Alikufa Machi, barafu ikianza kulia.
Sanamu hana. Mtaa wenye jina lake ni mfupi, unaishia kwenye gereji.
Ukoo mmoja wa vijidudu vyake, namba arobaini na moja,
bado umelala Helsinki, katika baridi kuliko yetu,
huamshwa mara mojamoja kwa ajili ya wanafunzi.

Lakini mimi Jumapili hupita makaburini.
Upande wa kaskazini kuna mstari wa miaka ile,
vijiwe vidogovidogo, bega kwa bega,
kisha, ghafla, nyasi.
Nyasi tupu mpaka ukutani.
Hapo husimama. Hapo ndipo ninapolisoma jina lake.