Jaza

Ghaniya alitaka petroli
kwa sababu ya saa saba usiku,
anaporudi kutoka zamu ya hospitali ya Nizwa
na Muhanna kalala, mlango wa chumba wazi:
gari linalozima kama mtu anayevua viatu.

Mimi nilitaka pikapu yetu ile ile,
dizeli, mlango wa kushoto umesahau rangi yake,
kwa sababu ya makreti sitini ya komamanga
na mteremko wa Jabali Akhdhar,
pale askari wa kizuizini
anapouliza gia kabla ya jina.

Hesabu tuliipiga juu ya mfuko wa mikate.
Dizeli ghali kwa baisa kadhaa, akaandika.
Lita yake inafika mbali, nikaandika chini yake.
Chujio. Pampu. Nozeli, na fundi
anayetoza kama daktari wa macho.
Petroli: plagi nne tu.
Nani atainunua siku ukiichoka?
Hapo akapiga mstari, mara mbili.
Nchi inachimba mafuta kwa mapipa,
sisi tunagombana kwa vijiko.

Siku ya tatu nikamtumia kwa simu:

*Petroli mwana wa mji, dizeli ni wa mlima,*
*Huyu hupenda umbuji, yule hubeba lawama,*
*Huyu hunywa kama maji, yule hunywa kwa hekima,*
*Mwenye gari ni mlaji, tena mlipa gharama.*

Nilisahau kwamba mwenye bibi wa Pemba
ni yeye, si mimi.
Jibu lilinikuta sheli ya Birkat al-Mauz,
makreti nyuma, dirisha wazi,
joto la Agosti likiingia bila hodi:

*Yupo wapi mpigaji, wa kelele za kiyama?*
*Mwamsha wanakijiji, hata adhana i nyuma!*
*Sare naitia maji, masizi yaiandama,*
*Mwenye gari ni mlaji, mfuaji ndiye mama.*

Nikaanza kutafuta kina cha kumzima.
Shaji, kijana mgeni wa pampu, akainama dirishani.
"Jaza," nikasema.
Sikusema nini.

Kilomita tatu.
Kisha njugu ndani ya kopo la bati,
kisha kimya
ambacho ile pikapu haikuwahi kunionyesha
hata ikiwa imeegeshwa.

Petroli ni kavu, fundi alinieleza baadaye,
kidole chake kikinuka kosa langu.
Pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yake yenyewe;
ukiyakosesha, inajitafuna.
Nilitikisa kichwa kama ninayesikia habari za jirani.

Ghaniya alikuja na gari dogo la dada yake.
Makreti kumi na moja, basi, likashiba;
mengine tukamwachia Shaji kivulini,
naye akataka kulia kuliko mimi.
Tukaenda Nizwa bila kukohoa.
Redio niliisikia kila neno.
Nilikasirika kwa jinsi nilivyostarehe.
Kwenye mzunguko wa sokoni ndipo akafungua kinywa:
"Plagi nne," akasema,
akakunja kushoto.

Tangi limeoshwa, pampu ni mpya,
riali mia na themanini zimekwenda,
na za gari la pili zilikuwa hizo hizo.
Sijamwambia kwamba mlimani, Alhamisi,
nikiwa gia ya pili na mzigo wote mgongoni,
niliuzima mziki kusudi
nisikie injini ikinishika shati kwa nyuma.

Jana nimekuta kwenye kifuniko cha tangi,
kwa rangi yake ya kucha, nyekundu: DIZELI.
Na chini, herufi zimebanana kama abiria wa kifuniko:
*mngoje mwadhini.*

Leo nimekaa gizani, ufunguo mkononi,
mpaka akamaliza.

Ndipo nikawasha.