Sinia

Zima. Hesabu thelathini. Washa.
Ndivyo alivyosema binti wa huduma kwa wateja,
sauti laini, kama anabembeleza kichanga.
Nikazima. Nikahesabu hadi arobaini,
nisije nikaambiwa nimepunja.
Taa: nyekundu.

Nikachomoa waya, nikaupuliza kama kaa.
Nikadunga kile kitundu kwa pini ya ushungi.
Nywila ikarudi ile ya kwenye kibandiko,
herufi hazitamkiki: sifuri au O, Mola ajua.

Kijani! Lakini chumbani tu.
Ukivuka kizingiti kwenda uani
mtandao unabaki nyuma,
mgeni asiyethubutu kuingia jikoni.

Ndipo Mwantumu, darasa la tatu, akauliza:
"Bibi, mbona umekificha nyuma ya sinia?"

Sinia la shaba, la harusi ya mama yangu,
limeegemea ukuta huo
tangu Ngamiani nzima tunasomea koroboi.
Nikalisogeza.
Ukutani likabaki duara jeupe,
na simu, huko uani kando ya mbuzi ya nazi,
ikaanza kulia, ikalia, ikalia:
salamu za wiki nzima za Mbaruku, aliyehamishiwa Mpanda,
picha ya jino la mtoto,
na ya mwisho, ya alfajiri:
"Mama, umeninunia?"